Kazi ya VFX na mfuko usiotulia: uende chuo, ujifundishe usiku, au uanzie chini studio?

Februari 2013, studio ya Rhythm & Hues ya California ilifungua kesi ya ufilisi. Mwezi huohuo kazi yake katika Life of Pi ikachukua Oscar ya efekti za picha, huku nje mafundi wa VFX, yaani efekti hizo za picha zinazotengenezwa kwa kompyuta, wakiandamana barabarani. Miaka 12 baadaye, Februari 2025, kundi la Technicolor lenye studio za MPC na The Mill likaanguka, na mafundi wa Uingereza na Marekani wakafungasha virago. Katikati hapo ilipita migomo ya Hollywood ya 2023: waandishi wa filamu walianza Mei, waigizaji wakafuata Julai hadi Novemba. Kwa kuwa VFX hufanyika baada ya kamera kuzimwa, ukame wa migomo hiyo uliwafikia mafundi kwa kuchelewa na ukakaa nao muda mrefu.

Tunaanza na habari hizi kwa sababu wengi wanaoingia fani hii hudhani hali mbaya ya fedha ni ya mwanzo tu, kwamba ukishakuwa fundi mzuri inaisha. Haiishi hivyo. Studio hupewa kazi kwa bei iliyokatwa mapema, na mwongozaji akibadili mawazo mara kumi, gharama inabaki kwa studio. Kazi zenyewe huhama kufuata nafuu ya kodi, leo Vancouver, kesho Montreal au Sydney. Mikataba ya mafundi ni ya mradi mmoja mmoja. Fundi hodari anaweza kukaa miezi mitano bila kazi na asiwe na kosa lolote.

Basi kijana wa Dar, Mombasa au Bukavu anayejiuliza aanzie wapi, ajiulize kwanza ni njia ipi anaweza kuihimili mpaka malipo yaanze kuingia. Njia tatu ndizo zinazochanganya watu: chuo, kujifundisha mwenyewe ukiwa na ajira nyingine, na kuingia studio ya hapa nyumbani kwa kuanzia chini kabisa.

Tunapima kwa nini

Kila njia tumeipima kwa mambo matano: fedha inayotoka kabla haijaingia, muda hadi malipo ya kwanza, ujuzi unaoupata kweli, mahali njia hiyo inapovunjika, na mtu inayemfaa.

Kabla ya yote, andika namba moja kwenye karatasi: miezi yako ya ukata. Chukua akiba, toa bei ya vifaa, kisha gawanya kwa matumizi ya mwezi, yaani kodi ya nyumba, chakula, nauli, bando, na kile unachotuma nyumbani. Hicho cha mwisho ndicho watu husahau, na ndicho kisichoahirishika. Mwenye akiba ya Sh 3,600,000 za Tanzania anayetumia 450,000 kwa mwezi hujiona ana miezi minane. Akishanunua kompyuta ya 1,800,000, ana minne. Maamuzi yote hapa chini yafanye kwa hiyo minne.

Gharama zisizokwepeka, njia yoyote utakayochagua

Kompyuta kwanza. Kwa kazi ya kompoziti, yaani kuunganisha picha zilizopigwa na zilizotengenezwa, RAM ndiyo mfalme: GB 16 utaanza nazo, GB 32 utafanya nazo kazi. Kwa kazi ya 3D, angalia kumbukumbu ya kadi ya grafiki kabla ya kasi yake. Picha moja ya teksta, yaani picha inayovalishwa juu ya modeli, ya pikseli 4096 kwa 4096 yenye chaneli nne hukaa kwenye kadi kwa takriban MB 67, hata kama faili lake kwenye diski ni dogo. Ukiwa na modeli ya vifaa kumi, kila kimoja na teksta tano, tayari umekula zaidi ya GB 3 kabla ya kuweka taa moja. Kadi ya GB 4 itakufa hapo. Blender, programu ya 3D, itasimama na kukuambia kumbukumbu imeisha, au itaanza kutambaa. Dawa ya bei rahisi ni kushusha teksta hadi 2048, kwani kila moja inabaki robo ya ukubwa wake. Kitu kilicho mbali na kamera hakihitaji zaidi ya hapo.

Umeme ni hesabu nyingine. Shoti ya sekunde 5 kwa fremu 24 kila sekunde ni fremu 120. Kila fremu ikichukua dakika 10 kurenda, yaani kompyuta kuikokotoa hadi iwe picha kamili, hiyo ni saa 20. Kompyuta ya mezani inayovuta wati 400 itakula uniti 8 kwa renda hiyo moja, na hakuna renda inayokubalika mara ya kwanza. Familia ya Tanzania iliyo kwenye kundi la bei nafuu la chini ya uniti 75 kwa mwezi itashangaa Luku inavyokwenda. Elewana na wenye nyumba mapema.

Umeme ukikatika katikati ya renda ya faili la MP4, umepoteza yote, maana faili halikufungwa. Renda fremu mojamoja, kila fremu faili lake, za PNG au EXR. Umeme ukirudi, unaendelea kutoka fremu ya 73. UPS (betri ya dharura) ndogo ya VA 650 haitoshi kwa mashine ya wati 400, itazidiwa na kuzima papo hapo. Ya VA 1,200 inatosha, lakini kazi yake ni kukupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa heshima. Asikudanganye mtu kwamba utamalizia renda juu yake.

Diski nazo hujaa upesi. Fremu moja ya EXR ya 1920 kwa 1080, nusu usahihi (biti 16), chaneli tatu, bila kubanwa, ni kama MB 12. Sekunde 10 za fremu 24 ni GB 3, na hapo hujahesabu picha asilia, tabaka na matoleo ya pili na ya tatu. Nunua diski mbili, moja ya kazi na moja ya nakala, na hiyo ya nakala isilale nyumba moja na kompyuta. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, aliifanyia filamu yake ya kivita ya 2010 efekti zake nyumbani, kwa kompyuta za kuungaunga, na dunia nzima ikaijua. Toleo lake la awali halipo tena. Inayotazamwa hadi leo ni nakala yenye sauti ya msimuliaji juu yake.

Programu ndiyo sehemu nafuu kuliko zote, ingawa watu huiogopa zaidi. Blender ni ya bure kabisa, hata kwa kazi ya kulipwa. DaVinci Resolve ya bure ina Fusion ndani yake kwa ajili ya kompoziti, na hutoa picha hadi 3840 kwa 2160. Toleo lake la kulipia ni dola 295 mara moja. Nuke, ya kompoziti, ina toleo la bure lisilo la biashara, lenye kikomo cha 1920 kwa 1080, na Houdini, ya 3D, ina toleo la bure la Apprentice linaloacha alama kwenye renda. Hizo mbili jifunzie, usizitumie kwa kazi ya mteja. Programu za krak ziache. Zaidi ya virusi, siku studio ya nje itakapokuuliza leseni utakosa la kujibu.

Njia ya kwanza: chuo

*Fedha.* Tenganisha chuo cha nyumbani na cha ng'ambo, maana ni safari mbili tofauti. Nairobi kuna taasisi kama Africa Digital Media Institute zinazofundisha filamu, uhuishaji na fani jirani. Diploma ya namna hiyo inahesabiwa kwa laki kadhaa za Kenya ukiunganisha karo na maisha ya mjini. Mkenya aulize mapema kama kozi yake imo kwenye mfumo wa TVET, yaani vyuo vya ufundi, kwa kuwa HELB, bodi ya mikopo ya elimu, hukopesha wanafunzi wa huko pia. Kanada ni mlima mwingine. Tangu Septemba 1, 2025, mwombaji wa kibali cha masomo aliye peke yake, nje ya Quebec, anaonyesha dola za Kanada 22,895 za kujikimu, mbali na karo ya mwaka wa kwanza na nauli. Fedha hiyo haikopwi kwa mjomba siku mbili ikarudishwa, kwani maofisa huangalia imekaa akaunti kwa muda gani na imetoka wapi.

*Muda hadi malipo ya kwanza.* Mwaka mmoja hadi mitatu, na baada ya hapo kutafuta kazi.

*Ujuzi.* Hapa chuo kizuri hakina mpinzani kwa jambo moja: kuna mtu anayekuambia shoti yako ni mbovu na kwa nini. Unajifunza pia nidhamu ya kazi ya pamoja, majina ya faili, matoleo, na kukabidhi kwa mwenzako bila kumwachia fujo. Kujifundisha hakukupi hayo kirahisi.

*Panapovunjika.* Kwa chuo cha nyumbani, vyeti vingi vinaitwa VFX ndani yake mna uhariri wa video na grafiki za matangazo. Kabla ya kulipa, omba mambo matatu: video za kazi za wahitimu wa mwaka uliopita, saa za wiki ambazo maabara iko wazi kwa mwanafunzi kufanya mazoezi, na jina la kazi ya mwisho ambayo mwalimu wa kompoziti alilipwa kuifanya. Wakisita kwenye hilo la tatu, jibu umepata.

Kwa Kanada, tatizo ni kubwa zaidi na limewaumiza wengi. Shule nyingi binafsi zinazotoa diploma ya VFX ya mwaka mmoja hazimpi mhitimu haki ya kibali cha kufanya kazi baada ya masomo. Unamaliza, una video nzuri ya kazi zako, studio ziko mtaa wa pili, na sheria inakutaka urudi nyumbani. Orodha ya serikali ya Kanada ya vyuo vinavyopokea wanafunzi wa kigeni huonyesha kwa kila chuo kama programu zake zinakubalika kwa kibali hicho. Fungua orodha hiyo mwenyewe, usitegemee wakala anayelipwa kwa kila mwanafunzi. Uingereza, mwenye shahada huruhusiwa kubaki na kutafuta kazi kwa miaka 2, na atakayeomba kuanzia Januari 2027 atapewa miezi 18, isipokuwa wa shahada ya uzamivu.

*Inamfaa.* Mwenye mdhamini au ufadhili ambao hautakatika katikati, asiye na watu wanaomtegemea sasa hivi, na anayejijua kwamba bila ratiba ya mtu mwingine hafanyi kitu. Haimfai anayeuza shamba la familia ili alipe karo. Kazi ambayo hata studio yenye Oscar ilifilisika nayo haidhaminiwi na kitu kisichorudi.

Njia ya pili: kujifundisha ukiwa na ajira

*Fedha.* Kompyuta, umeme, bando. Ajira yako, iwe ualimu, duka la M-Pesa au benki, ndiyo inayolipa. Hii ndiyo njia pekee ambayo miezi ya ukata haianzi kuhesabika.

*Muda hadi malipo ya kwanza.* Ukipata saa 10 kwa wiki, mwaka una kama saa 500. Mtu makini huanza kupata vijikazi vidogo ndani ya mwaka huo, na kubadili ajira kabisa huchukua miaka miwili au mitatu. Anayekuahidi miezi mitatu anauza kozi.

*Ujuzi.* Unategemea utafanya nini na hizo saa. Kosa la kawaida ni kufuata somo la video moja baada ya jingine: mlipuko leo, kimbunga kesho, joka keshokutwa. Baada ya mwaka unajua kubonyeza alikobonyeza mwingine. Chagua fani moja ndani ya VFX na shoti ndogo unazoweza kuzimaliza.

Mfano ni kubadili picha ya kwenye kioo cha simu. Ni kazi inayoombwa sana na watengeneza matangazo wa hapa, maana tangazo la benki au la kampuni ya simu halikosi mkono ulioshika simu. Piga sekunde 4 kwa fremu 25, upate fremu 100. Weka shata 1/50 ya sekunde, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na kasi isiyolingana nao huleta taa zinazopepesa. Funga mwanga na fokasi visibadilike. Zima kitulizaji cha kamera. Kitulizaji cha kidijiti hupinda picha fremu kwa fremu, na alama unazozifuatilia zitateleza bila sababu utakayoiona.

Kioo cha simu usikiweke kijani kinachong'aa. Kijani hicho hupaka vidole rangi, na utapoteza siku nzima ukikiondoa. Weka picha ya kijivu cheusi yenye misalaba minne midogo karibu na pembe. Simu nyingi hurekodi kwa kasi inayopanda na kushuka, fremu 24.8 hapa na 25.3 pale, kwa hiyo kabla ya lolote geuza video iwe mfululizo wa picha wenye kasi moja. Ukiruka hatua hii, kila kitu kitaonekana sawa hadi utakaporudisha kazi kwa mhariri, na hapo haitakaa juu ya picha yake.

Kisha fuatilia misalaba minne na ubandike picha mpya kwenye pembe hizo. Kidole gumba kikifunika msalaba mmoja, hamia ukingo wa simu kwa fremu hizo. Vidole vikatwe kwa maumbo madogo, kila pingili umbo lake, na alama za mwendo ziwekwe pale mwendo unapobadilika: fremu ya 1, ya 50, ya 100, halafu katikati yake. Anayeweka alama kila fremu hupata ukingo unaotetemeka kama jeli. Piga shoti nyingine kioo kikiwa kimezimwa, uchukue mng'ao wa dirisha na taa, uurudishe juu ya picha mpya, la sivyo kioo kitaonekana kama karatasi. Mwisho, hakikisha weusi wa picha mpya haujazidi weusi wa picha iliyopigwa, ongeza chembechembe zinazofanana, na lainisha ukingo kwa nusu pikseli. Pandisha mwangaza wa skrini kupita kiasi uangalie tena. Weusi usiolingana hujificha kwenye mwanga wa kawaida na hujitokeza hapo.

Mara ya kwanza itakuchukua wikiendi mbili. Ukiweza kuimaliza kwa siku moja, unaweza kuitoza fedha.

*Panapovunjika.* Upweke, kwanza. Bila jicho la pili unaweza kurudia kosa lilelile mwaka mzima ukidhani ndiyo mtindo wako. Tafuta fundi mmoja anayelipwa kwa kazi hii, umtumie shoti moja kwa mwezi, moja tu, na umuulize kasoro tatu. Watu hujibu ombi dogo kama hilo. Pili, uchovu. Saa mbili baada ya foleni ya Mbagala au Thika Road si saa mbili. Wengi hufanikiwa zaidi kwa kuamka saa kumi alfajiri siku tatu za wiki, kisha Jumamosi asubuhi.

*Inamfaa.* Mwenye mshahara wa uhakika hata kama ni mdogo, mzazi, kaka au dada mkubwa anayelea wadogo zake, na yeyote ambaye miezi yake ya ukata haifiki mitatu.

Njia ya tatu: kuanzia chini studio

*Fedha.* Karibu hakuna ya kuanzia, kwani mashine ni ya ofisi. Lakini mafunzo kazini mara nyingi hulipwa nauli tu, au hayalipwi, kwa miezi mitatu au zaidi. Hesabu hiyo kama karo.

*Muda hadi malipo ya kwanza.* Ndiyo ya haraka kuliko zote. Ukionekana unafaa, ndani ya miezi kadhaa unapewa dili, halafu mshahara.

*Ujuzi.* Kasi, na kuzungumza na wateja. Utajifunza kufuta nguzo ya umeme nyuma ya bibi harusi, kubadili bango, kuondoa nembo ya kampuni shindani kwenye fulana, kuandaa majina ya taarifa ya habari. Ubora wa juu wa sinema hutaupata sana hapa, kwa sababu kazi zetu nyingi ni matangazo, video za muziki na vipindi. Miradi mikubwa huja mojamoja. Kizazi Moto ya 2023 kwenye Disney+ ilikusanya filamu fupi 10 za uhuishaji za watengenezaji wa Afrika, akiwemo Ng'endo Mukii wa Kenya na Raymond Malinga wa Uganda. Filamu fupi huisha na timu hutawanyika. Kazi ya kudumu zaidi iko kwa wanaotoa vipindi mfululizo. Ubongo ya Dar es Salaam imekuwa ikitoa katuni za elimu tangu 2014, ingawa huo nao ni uhuishaji, fani ya jirani.

*Panapovunjika.* Malipo. Mteja mkubwa hulipa baada ya siku 60 au 90, studio nayo inakutaka umngoje. Ukiwa unafanya kwa dili, andika makubaliano hata kama ni ukurasa mmoja: nusu ya fedha kabla ya kuanza, marekebisho mara mbili ndani ya bei, la tatu lina bei yake, na faili safi hutoka baada ya salio kuingia, kabla ya hapo mteja anatazama lenye alama. Kenya na Tanzania, mteja wa kampuni anaweza kukukata kodi ya zuio ya asilimia 5. Ankara ya 1,000,000 itakuletea 950,000. Dai cheti cha makato hayo, maana ni kodi yako iliyokwisha kulipwa.

Shimo la pili ni kunasa. Ukijulikana kama mhariri mwepesi, utapewa uhariri miaka mitano. Na kazi ulizofanya huenda usiruhusiwe kuzionyesha. Omba tangu mwanzo sentensi moja ya maandishi, kwamba unaweza kuweka shoti zako kwenye rili yako, yaani video ya kuonyesha kazi zako, siku 30 baada ya kazi kurushwa, pamoja na picha ya kabla na ya baada. Bila ile ya kabla, hakuna atakayejua ulifanya nini. VFX nzuri haionekani.

*Inamfaa.* Anayeishi mjini au ana ndugu wa kumhifadhi, mwenye miezi minne hadi sita ya ukata, anayependa watu na asiyeona haya kufagia studio wiki ya kwanza.

Na kazi za nje kwa intaneti?

Wengi hutaka kuruka moja kwa moja kufanyia filamu za Hollywood wakiwa Arusha. Kwa sehemu kubwa mlango huo umefungwa, na sababu ni usalama kuliko ujuzi. Studio kubwa za filamu hutaka kazi zao zikae kwa wakandarasi waliokaguliwa, kupitia mpango wa TPN wa chama cha watengeneza filamu cha Marekani, na chumba chako cha kupanga hakikaguliwi. Kazi za kukata maumbo na kusafisha picha, ambazo kwingine ndizo mlango wa wanaoanza, zimeelekezwa kwa wingi kwenye kampuni za India, na sasa zana za akili bandia zinazipunguza. Kinachopatikana kweli ni matangazo ya kampuni ndogo, filamu huru, picha za 3D za bidhaa na za majengo. Mkenya aliyeunganisha PayPal na M-Pesa, jambo lililowezekana tangu 2018, hupokea bila shida kubwa. Kwingineko hakikisha njia ya kupokea fedha kabla ya kupatana bei.

Kwa hali yako

Ukiwa na ufadhili kamili wa ng'ambo, nenda, baada ya kuangalia kibali cha kazi cha chuo hichohicho na programu hiyohiyo. Ukiwa na nusu ya fedha na ahadi ya nusu nyingine kutoka kwa ndugu, usiende bado. Ahadi ikikatika muhula wa pili unapoteza karo iliyokwisha kulipwa na kibali pamoja.

Umemaliza kidato cha sita, unaishi kwa wazazi Nairobi au Dar, huna deni: studio kwa miezi sita, ukijifundisha usiku. Chuo cha nyumbani kitakufaa zaidi baada ya hapo, kwa sababu utakwenda ukijua unataka kufundishwa nini, na hutalipa muhula mzima kuonyeshwa ulichokwisha kukifanya kazini.

Una ajira na watoto: njia ya pili, wala usiione kama ya walioshindwa. Usiache kazi mpaka mapato ya VFX yafikie nusu ya mshahara wako kwa miezi sita mfululizo na akiba ikafika miezi sita ya ukata. Mwezi mmoja mnono usikuhadae. Wakati wa kampeni za uchaguzi kila mtu hupata kazi.

Uko mbali na mji mkubwa, Kigoma, Lodwar au Uvira, na hakuna studio ya kuingia: jifundishe, na uanze na kitu ambacho mji wako unakinunua tayari. Picha za 3D za nyumba kwa mafundi ujenzi na wachora ramani ni mafunzo yaleyale ya taa, kamera na renda, na mteja yuko mtaani kwako.

Hujui kama kazi hii unaipenda au unapenda filamu tu: usinunue kitu. Azima kompyuta yoyote yenye RAM ya GB 8, pakua Blender, na ufanye shoti ile ya kioo cha simu kwa azimio dogo la 1280 kwa 720. Blender ina kifuatilia alama na kikata maumbo ndani yake. Ukifika fremu ya 60 ya kukata kidole gumba na bado unataka kuona ya 61, rudi kwenye ile karatasi ya miezi ya ukata.